Shoga, nisaidie na hawa wa kiwandani

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, Bi Mkubwa goti linamsumbua ila mdomo haujambo. Najua nimenyamaza tangu Idi, utanigombeza siku nyingine. Leo nina shida na wewe.

Kuna kiwanda cha matunda njia ya Muheza (jina tukionana) wanataka sabuni yangu ya maji. Yaani nadhani wanataka. Msimamizi wao wa usafi alinipigia mwenyewe: wanayoletewa kutoka Dar inachelewa, na ikifika inawachubua vijana mikono. Kumbe kabla ya kunipigia alishaniulizia kwa yule dada wa hotelini Raskazone! Mimi nadhani ndiyo tunaanza, mwenzangu keshafika nusu ya safari.

Nikapeleka sampuli. Akaimimina kwenye beseni, akanawa mpaka kiwikoni, akanusa, akaita vijana wake nao wanawe. Nilirudi nacheka peke yangu kwenye bajaji. Sasa ndiyo najua ni kama posa, binti kakupenda, bado wajomba. Mtunza stoo anataka madumu ya lita 20 yanayopangika. Mtu wa ubora anataka isiyo na manukato, isije ikanukia kwenye juisi, na kila dumu liwe na tarehe ya kutengenezwa. Alama ya ubora ya TBS ninayo, ile tuliyoihangaikia kupitia wale wa viwanda vidogo, SIDO. Mhasibu anataka risiti ya mashine ya EFD, na malipo baada ya siku 30. Ofisa manunuzi kapokea proforma yangu ya bei, akaniambia zipo nyingine mbili za kulinganisha. Hajacheka hata kidogo.

Hamza kutwa ananiimbia nipunguze bei. Bei hakuna aliyeilalamikia, Zuhura! Nikiipunguza, yule wa ubora ataacha kuogopa? Sabuni ikiharibu juisi, kibarua chake ndicho kitakachoota nyasi, si cha Hamza. Halafu hizo siku 30, malighafi zangu, salfoniki na slesi, nitanunua kwa… basi, hayo tuyaache.

Kinachoninyima usingizi ni kikao chao. Sitakuwemo. Wa kunisemea ni yule msimamizi, na yeye ni mtu wa mabrashi, mhasibu akimbana kidogo tu atakwama. Ndiyo maana nimemwandikia ukurasa mmoja aingie nao: dumu moja linachanganywa na maji kiasi gani na linasafisha mara ngapi, ili wahesabu gharama ya kila usafi badala ya kukodolea macho bei ya dumu. Tena nimeandika waijaribu mwezi mmoja upande wa kuoshea kreti tu, yule wa Dar wasimwache kwanza. Hamza kasema najikata miguu. Mimi naona ndipo watakapopata ujasiri.

Wewe umekaa manunuzi miaka yote hiyo, niambie. Wakikaa, nani anaongea wa mwisho? Zile proforma tatu zinasomwa kweli au mshindi anajulikana mapema? Nimpigie ofisa manunuzi au ataona namsumbua? LPO, ile oda yao ya maandishi, ikitoka, naweza kuomba siku 14 badala ya 30? Na ukurasa wenyewe nimeukunja humu, ungekuwa wewe ndiye mhasibu ungeuliza nini?

Nijibu kabla ya Alhamisi, ndiyo siku wanayokaa. Msalimie shemeji, mwambie deni la ng'onda nalikumbuka.

Wako,
Mwanahawa