Mbwa wa kuwinda hachaguliwi kwa sura

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wasomaji wanaoulizana mbwa gani anamfaa mtu anayetaka kuishi kwa shamba na mawindo yake. Nimewinda na mbwa miaka 19. Kabla hujataja aina ya mbwa, taja mnyama unayemwinda na mahali anapojificha.

Greyhound hufikia kilomita 70 kwa saa, lakini huwinda kwa macho na mbio zake ni fupi. Uwandani humpata sungura. Kwenye kichaka kinene husimama tu akiangaza. Huko anatakiwa mbwa wa pua kama Beagle, anayefuata harufu huku akibweka ujue alipo. Basenji wa Kongo habweki, ndiyo maana wawindaji wa kule humvisha njuga anaposwaga wanyama kuelekea kwenye nyavu.

Halafu kuna tumbo lake. Mbwa wa kilo 35 hula takriban mara mbili na nusu ya mbwa wa kilo 10, hata zile wiki mnazorudi mikono mitupu. Kama windo lako ni sungura na ndege, mbwa mkubwa atakumalizia nyama kabla haijafika jikoni.

Mbwa wangu wa kwanza nilimpenda kwa sura: dume, kifua kipana, ana vyeti vya ukoo. Kabla hajatimiza miaka miwili alikuwa akiinuka kwa miguu ya mbele, ya nyuma akiikokota. Nyonga zilikuwa mbovu, na ubovu huo mara nyingi hurithiwa. Wazazi wake sikuonyeshwa, nami sikuuliza. Iliniuma sana, maana alikuwa na moyo wa kuwinda.

Safari ya pili nilikwenda kwanza kumtazama mama akiwinda. Kisha nikaburuta ngozi ya sungura nyasini, nikapinda kona, nikawafungulia watoto wake. Watatu waliendelea kucheza. Mmoja, jike mwenye doa sikioni, aliinamisha pua akaifuata. Penye kona harufu ikampotea. Akarudi hatua chache, akazunguka, akaishika tena mpaka mwisho. Nilimchukua yeye, chotara asiye na cheti, na kwa miaka tisa ametulisha.

Ombi langu: wanaotangaza watoto wa mbwa gazetini mwenu waandike kama wamechanjwa, na mama yao anawinda nini.

Mwindaji, msomaji wenu