Macho ya marumaru

Tokyo, 17 Novemba 2024

Ndugu yangu Anselmi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, masomo yanakwenda. Nakuandikia kwa ajili ya ile sura ya mpingo ya marehemu mzee wako uliyoifunga kwenye gunia pale kibandani Mwenge, ukasema macho yamekushinda.

Jana nimeona kazi za Katsura Funakoshi, mchongaji wa huku Japani. Amefariki Machi mwaka huu, ana miaka 72. Baba yake naye alikuwa mchongaji. Mti wake ni mkafuri, huo huo unaotoa karafuu maiti wanayonunua watu wa pwani wakifiwa. Aliuanza alipoombwa kuwachongea watawa wa Hakodate Bikira Maria na Mtoto, basi hakuuacha tena. Mwaka 1988 Japani ikampeleka kwenye maonyesho makubwa ya Venice.

Watu wake wanaishia kiunoni, wamesimama juu ya vyuma vyembamba, wengi hawana mikono. Nguo ni za kawaida tu, na alama za patasi kaziacha zionekane. Uso ndio kaulainisha, akaupaka rangi nyepesi.

Sasa macho, Anselmi. Hayakuchongwa kwenye mti. Ni marumaru iliyopakwa rangi, imeingizwa kwa ndani ya kichwa, ikakaa nyuma ya kope kama yalivyokaa ya kwetu. Halafu kila jicho limeelekea nje kidogo, upande wake. Nilisimama mbele ya mwanamke mmoja, nikahama kushoto, nikahama kulia, nikainama. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa kama mtu aliyekaa kwenye mkeka wa msiba siku ya tatu: machozi yamekwisha, na wageni bado wanaingia.

Nikamkumbuka mzee. Si ndivyo alivyokuwa akiitazama barabara jioni, baada ya mama kuondoka? Ukimsalimu anaitikia vizuri, ila macho hayarudi. Wewe ulitaka atutazame sisi. Ndiyo maana kila ulipoyajaribu akatoka mtu mkali, na mzee hakuwa mkali hata siku moja.

Sikuambii uache mpingo, wala utafute marumaru. Mpingo ndio wenyewe kwake. Yageuze macho tu, yapite pembeni yetu.

Gunia nililisogeza chini ya meza, upande wa tezo, kabla sijaja huku. Ukishalifungua nipigie picha, hata kabla hujashika patasi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Yohana