Maneti moja, mimi na wewe

Mwanangu mpenzi,

Barua hii anakuletea mama jirani, anapanda boti kesho asubuhi kuja Bukavu. Nimemfungia pia jibini la Masisi. Mpe mama mdogo wako, na umwambie alile mapema kabla joto halijalitoa jasho.

Huku Goma tuko wazima. Yaya yako, mkubwa wako, anakusalimu sana. Tangu uondoke, PlayStation, ile mashine yetu ya michezo, imefunikwa kitambaa. Yaya alinialika mara moja tucheze, tukagombana kabla supu ya kwanza ya mchezoni haijaiva, tukazima. Usiku huu umeme umekatika, nimewasha taa ya sola, nakuandikia jambo ambalo nimelibeba tangu kabla hujasafiri na mdomo wangu haukuweza kulitoa.

Unakumbuka tulivyoanza? Yaya aliinunua mashine ile kule Birere, imekwisha kutumika, ikiwa na diski ya Overcooked, ule mchezo wa mapishi, na maneti moja tu, kile kishikio cha kuchezea. Ukaniita: "Mama, kuja, hii inachezwa na watu wawili." Nikakuuliza wawili wa namna gani na maneti ni moja. Ukanionyesha kwamba mchezo ule unakubali maneti igawanywe: mimi kijiti cha kushoto na vibonye vyake vya juu, wewe kijiti cha kulia na vyake. Tukakaa kwenye kile kiti kifupi, bega kwa bega, kiwiko chako kikinichoma ubavuni. Tangu ulipoacha kubebwa mgongoni, sikuwa nimekaa karibu nawe hivyo kwa saa nzima.

Niliamini nitaweza kwa kuwa ni mapishi. Mimi ninayepikia matanga na arusi, sombe ya majani ya muhogo, maharagi, bugali ya watu hamsini, nitashindwa na supu ya vitunguu? Vitunguu vitatu vikatwe, viingie chunguni, vichemke, supu iwekwe kwenye sahani, ipelekwe dirishani, sahani ikirudi ioshwe. Kumbe kuna saa inayokimbia, na maagizo yanapangana juu kama wateja wenye njaa. Nilisimama penye sahani chafu nikikungoja wewe, nawe ulikuwa unaningoja mimi. Chungu kikaungua, jiko likashika moto. Wewe ulicheka. Mimi moyo uliruka, maana mtu aliyekimbia moto wa volkano ya Nyiragongo usiku wa tarehe 22 Mei 2021 na mtoto mgongoni haangalii moto kwa macho ya kawaida, hata moto wa kuchorwa. Uliponiona uliacha kucheka, ukaniwekea mkono gotini, ukasema polepole, "Mama, kizimamoto kiko kushoto kwako."

Yaya alinisomea kwamba mchezo huo ulitoka mwaka 2016, na waliouanzisha ni wawili tu, Phil Duncan na Oli De-Vine, wa Cambridge kule Uingereza. Mwaka uliofuata ukapata tuzo za BAFTA za huko Uingereza, mojawapo ya michezo ya familia. Sikushangaa. Wale wanajua jiko linavyokuwa pale watu wawili wanapogeukia sufuria moja.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Ni usiku wa hatua ya malori, ile ambayo jiko limegawanyika juu ya magari mawili yanayokwenda, yakiachana unabaki upande ambao hauna unachokihitaji. Tulikuwa tumeshindwa mara nyingi. Nilikuwa nimetoka sokoni Virunga, miguu inawaka. Ukachelewa kuruka, vitunguu vikabaki kwenye lori la pili, na mimi nikavuta maneti yote kwangu. Nikasema, "Lete, nimalize mwenyewe."

Uliiachia palepale. Hukubishana. Ukasema, "Sawa, mama," kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani, ukatazama sakafu. Na mimi sikumaliza chochote. Mkono wangu wa kulia haukujua la kufanya, yule mpishi wako akabaki amesimama katikati ya lori kama mtu aliyepotelewa na wenzake. Saa ikaisha. Ukaenda kulala bila kuniaga.

Sauti ile haijaniacha. Kwa sababu nilipoifikiria niligundua nimeisikia mara nyingi. Nakunyang'anya kalamu ukichelewa kwenye hesabu. Nakunyang'anya ufagio. Nakufunga kamba za viatu nawe una miaka kumi, eti tunachelewa misa. Haraka yangu imekuondolea kazi nyingi mkononi kabla hujazimaliza. Nisamehe, mwanangu. Nalisema hili kwa moyo wote, nami ni mama yako.

Jumamosi yake tulitwanga sombe, unakumbuka. Uliomba mchi wa pili. Mwanzoni ulikuwa unashuka pamoja na wangu, michi inagongana, majani yanaruka nje ya kinu, nami nikahisi neno "lete" limefika kooni. Nikalimeza. Nikainua mchi wangu nikaushikilia juu mpaka wako ushuke, halafu nikashusha, halafu nikangoja tena. Tulikwenda hivyo pole, pole, mpaka sikio lako likashika, tu-tu, tu-tu, kama wale wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wanavyopiga makasia usiku wakiimba. Ukaniangalia na jasho puani, ukasema, "Mama, kumbe unajua kungoja."

Jioni ile tulirudi kwenye malori. Ulinipangia kazi: wewe kukata na kuosha, mimi chungu na dirisha. Tukawa tunaitana kwa sauti, "Kitunguu!" "Sahani!" "Naja!" mpaka jirani akagonga ukuta wa mbao kuuliza kama kuna ugomvi. Nyota mbili. Ya tatu bado inatudai.

Kuna wanaoniambia michezo hii inaharibu watoto. Sheria zetu unazijua: masomo kwanza, maji yawe yamechotwa. Lakini nimeona tofauti. Mkicheza mpira na yaya, mmoja anashinda na mwingine analala amenuna. Huo ni wenu, sikatazi. Katika huu wetu tunaanguka pamoja. Tena ndani yake wewe ndiwe unayenituma: "Mama, geuka! Mama, acha hiyo!" Hakuna mtu mwingine wa miaka kumi anayenituma katika nyumba hii. Na unatuma vizuri, hutukani, husemi jambo mara mbili, nikikosea unaniambia pa kwenda badala ya kunicheka. Nimekusikiliza nikafurahi kuliko unavyodhani.

Yaya amepata diski nyingine, It Takes Two, ya mwaka 2021. Huo hauchezwi na mtu mmoja kabisa. Kioo kinagawanywa vipande viwili, kila mtu na chake. Kuna mahali mmoja anapewa misumari na mwenzake nyundo: wa misumari anarusha msumari ukutani, wa nyundo anauning'inia ili avuke. Kisa chake ni cha baba na mama wanaotaka kuachana, na binti yao anaumia. Nilikitazama kwanza peke yangu. Tukifika sehemu hizo tutasimamisha tuzungumze. Nataka wewe uwe wa nyundo, nikushikilie misumari.

Unahitaji maneti mbili. Fedha ya lile tanga la Majengo nimeitumia huko, maneti ya pili iko kabatini ndani ya kitenge changu cha buluu. Ila ukishuka kwenye boti, ukioga na kula, tuanze na ileile ya zamani. Kile kiti kifupi sijakisogeza. Kiwiko chako nakingoja.

Msalimu mama mdogo na watoto wote. Kwenye ile miteremko ya Bukavu usikimbie na ndala.

Mama yako