Mchapaji si mchapishaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nisahihishe jambo moja. Makala yenu ya wiki iliyopita, ile ya kuwahimiza vijana waanzishe kampuni ndogo za vitabu, ilinifurahisha. Ila mwandishi wake alimfanya mchapaji na mchapishaji kuwa mtu mmoja, tena mara nne (nilihesabu). Mchapaji ni mwenye mtambo. Mchapishaji ndiye anayechagua mswada, anamlipa mhariri, msahihishaji wa prufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapa) na mchoraji wa jalada, kisha anampelekea mchapaji kazi pamoja na fedha, na vitabu visiponunuliwa anabaki navyo yeye. Mimi ni huyo wa pili, huu mwaka wa sita, na kutojua tofauti hiyo kulinimalizia akiba yote.

Maana nilipoanza, nami nilidhani kazi ni kuchapa. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa riwaya ya mwalimu mstaafu. Ulipopangwa ukatoka kurasa 163. Mchapaji akanieleza kwamba karatasi yake kubwa ikikunjwa hutoa kurasa 16, hivyo ama nishuke hadi 160 au nilipie 176. Mwalimu alikuwa ameshukuru watu kwa kurasa tatu nzima. Nilizikata. Hadi leo akinipigia simu huanza na hilo.

Likaja suala la idadi. Katika uchapaji wa ofseti, ule wa mtambo mkubwa, pleti (mabamba yenye sura ya kurasa) na kuuandaa mtambo ni gharama ileile, uchape nakala 200 au 2,000; ndiyo sababu ukichapa nyingi kila nakala hushuka bei. Nikapiga hesabu, nikaona nakala 300 ni hasara tupu, nikaagiza 2,000. Hesabu haikuwa na kosa. Nilisahau tu kwamba kitabu kilicholala ndani ya boksi hakina cha unafuu.

Maduka yalivipokea, ndiyo, lakini kwa mali kauli: vikiuzwa utalipwa, visipouzwa uje uvichukue. Duka moja nililiachia nakala 60. Miezi saba baadaye nikarudishiwa 46, baadhi zimepauka jalada kwa jua la dirishani, na fedha ya zile 14 nikaambiwa nirudi mwisho wa mwezi. Mchapaji nilikuwa nimekwisha kumlipa zamani. Yeye hajui mali kauli.

Nao wanaosema tunanenepea jasho la waandishi, wachukulie bei ya jalada ni 100. Kwangu mimi duka huchukua 40, mrabaha wa mwandishi ni 10, uchapaji 25. Katika 25 zinazobaki mna uhariri, prufu, jalada, usafirishaji, nakala za bure (kila jamaa anaamini ana haki ya moja), halafu mimi.

Siku hizi nachapa kidijitali, nakala 150 kwa mkupuo, bila pleti. Kila nakala ni ghali zaidi na faida ni nyembamba, lakini zikiisha naagiza nyingine 100, na kosa la tahajia lililoponyoka kwenye prufu nalirekebisha hapohapo. Kitabu changu cha tatu kimerudi mtamboni mara nne kwa mtindo huo. Kijana anayetaka kuanza ningemwomba, kabla hajamtafuta mchapaji, atenge fedha ya kumtosha miezi sita ya kungoja malipo. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, na mambo ya mikataba atajifunza njiani; mimi nilidhani namba ya kitabu cha karatasi inatosha na kwa toleo la kielektroniki, nikaumbuka, nikaomba nyingine, yakaisha.

Basi naomba toleo lijalo mlirekebishe neno hilo. Na kama yupo msomaji wenu anayependa riwaya, ile ya mwalimu bado ninayo, maboksi 11. Shukrani zake zitakuwemo katika toleo la pili, nimemwahidi.

Wako,
Mchapishaji (asiye na mtambo)