TV Mpya ya 4K HDR, Mbona Filamu Zinaonekana Giza?

Siku hizi wateja wengi wanaokuja dukani kwetu hawalalamikii TV isiyowaka. Wanalalamikia TV mpya kabisa, inchi 55, boksi limeandikwa 4K na HDR kwa herufi kubwa. Taarifa ya habari inang'aa vizuri, mpira unang'aa vizuri, lakini akifungua filamu yenye alama ya HDR picha inafifia. Tukio la usiku linakuwa weusi mtupu na nyuso hazionekani. Mteja anaamini ameuziwa feki, au baklaiti, zile taa za nyuma ya kioo, imeanza kufa. Mara nyingi TV ni nzima. Kinachomchanganya ni ile nembo kwenye boksi.

4K na HDR ni vitu viwili tofauti. 4K ni hesabu ya nukta za picha: 3840 kwa upana, 2160 kwa kimo, jumla kama milioni 8.3, yaani mara nne ya Full HD. HDR haiongezi hata nukta moja. Inahusu umbali kati ya sehemu nyeusi kabisa ya picha na sehemu inayong'aa kabisa, pamoja na wingi wa rangi. Picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. HDR10, aina ya HDR iliyo ya kawaida zaidi, ni biti 10, ngazi 1,024, na ndiyo maana anga la machweo halikatiki mistari mistari.

Giza linatokana na jinsi mwangaza unavyoandikwa ndani ya filamu. Picha ya kawaida huiambia TV itumie sehemu fulani ya mwangaza ilio nao, kwa hiyo ukipandisha baklaiti kila kitu kinapanda. HDR10 na Dolby Vision, aina nyingine ya HDR, zinatumia utaratibu uitwao PQ, uliowekwa kuwa kiwango na SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, mwaka 2014, ambao hutaja mwangaza wenyewe kwa niti, kipimo cha mwangaza wa kioo, hadi niti 10,000. Filamu nyingi hukamilishwa studio kwa niti 1,000, nyingine kwa 4,000. TV nyingi za bei ya chini huishia kwenye niti 300 hivi.

Sasa TV ya niti 300 ikiambiwa ionyeshe mwali wa niti 1,000, ina njia mbili. Ikate kilichozidi, mawingu yageuke karatasi nyeupe. Au ivute picha nzima chini ili kila kitu kienee. TV nyingi za bei hiyo huvuta chini, na hilo ndilo giza unaloliona. Ukienda kuongeza baklaiti unakuta TV imeshaipandisha hadi mwisho yenyewe, hakuna akiba. Ongeza na hili: filamu hizo hupangwa rangi kwenye chumba chenye mwanga hafifu, nawe unaitazama saa nne asubuhi sebuleni, madirisha wazi, kuta nyeupe.

Kwa hiyo neno HDR kwenye boksi linakuhakikishia jambo moja tu: TV inaielewa lugha ya HDR. Uwezo wa kuionyesha ni suala lingine. Januari 2016 muungano wa UHD Alliance ulitangaza nembo ya Ultra HD Premium, iliyodai niti 1,000 kwa TV za LCD, yaani zenye baklaiti, au niti 540 kwa zenye weusi wa kina kama OLED, ambazo kila nukta hujiwakia yenyewe bila baklaiti. Linganisha na zile 300.

Kabla ya kulaumu kioo, shika rimoti. TV huhifadhi mipangilio ya HDR peke yake, kwa hiyo ulichorekebisha ukiwa kwenye king'amuzi hakifiki kwenye filamu. Ifungue filamu ya HDR kwanza, iendelee kucheza, ndipo uingie kwenye menyu ya picha. Zima kuokoa umeme na kile kihisi cha mwanga wa chumba. Hivi viwili peke yake vinatibu TV nyingi tunazoitiwa majumbani. Kwenye LG washa "Dynamic Tone Mapping", inayorekebisha mwangaza tukio kwa tukio. Chapa nyingine zina kitu cha namna hiyo kwa jina lao. Usiku tumia hali ya sinema, mchana hali ya kawaida. "Vivid" hatuipendekezi, inapotosha rangi za ngozi.

Kama unatumia Apple TV, PlayStation au kifaa kingine cha nje na kioo chako ni cha niti 300, ushauri wetu ni huu, na tunaujua unawashangaza watu: zima HDR kwenye kifaa hicho, acha 4K. Picha ya kawaida iliyotulia ni bora kuliko HDR iliyobanwa.

Rangi zikipauka kama nguo iliyofuliwa sana, hilo si giza, ni tatizo jingine. Mara nyingi ni faili la HDR kwenye flashi, linachezwa na TV isiyo na HDR. Na nyuso zikitoka za kijani na zambarau, usiite fundi wa kioo. Hilo ni faili la Dolby Vision la aina isiyo na HDR10 ndani yake, na TV yako haina Dolby Vision. Samsung, kwa mfano, hutumia HDR10+, aina nyingine ya HDR, badala yake. Tafuta toleo jingine la filamu hiyo.

Upande wa intaneti, Netflix wanapendekeza kasi ya Mbps 15 kwa 4K, na saa moja inaweza kula hadi GB 7. Unahitaji pia kifurushi chao cha juu. Mwenye bando la simu afikirie mara mbili.

Kuna jambo wauzaji wa TV za mtumba huwa hawalitaji. Taa za LED za baklaiti zikiungua, mafundi wengi hubadilisha zile chache zilizokufa, kisha hupunguza mkondo wa umeme ili zisiungue tena. TV inadumu, lakini mwangaza umepungua, na HDR ndiyo inayoumia kwanza. Sisi hubadilisha seti nzima, na kama mkondo umepunguzwa tunamwambia mwenye TV. Ukienda kununua mtumba, weka picha nyeupe tupu kwenye kioo na utafute madoa yenye kivuli. Uliza waziwazi kama baklaiti imeguswa.

Kwa anayenunua mpya, uliza niti, na uliza kama taa zimegawanywa kanda zinazoweza kufifia kila moja peke yake. Bila kanda hizo, nyota moja kwenye anga la usiku inawasha baklaiti yote na weusi unageuka kijivu. Sebule yenye mwanga mwingi, tafuta mini-LED, yaani TV yenye baklaiti ya taa ndogo nyingi. Ukitazama zaidi usiku, OLED haina mpinzani, kwa sababu kila nukta inajizima yenyewe. Kwa maoni yetu, chini ya niti 600 usilipie hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya nembo ya HDR. Na kama unachotazama ni mpira na tamthilia za king'amuzi, ambazo nyingi huja kwa picha ya kawaida, pesa hiyo nunulia inchi zaidi na kifaa cha kuilinda TV dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Tunafika nyumbani kupanga picha, na tunapima mwangaza wa kioo kwa kifaa kabla ya kukushauri ubadilishe chochote. Unapotupigia, soma namba ya modeli kwenye stika ya nyuma ya TV, utuambie giza unaliona kwenye programu gani, na kama linatokea kwenye filamu zote au zile zenye alama ya HDR tu.