Tukishapiga tusikimbie

Wadau habari zenu, kabla bendi yetu haijaanza tua, yaani ziara ya shoo, kuna kitu kimoja naomba mkishike kweli, tukishashuka stejini tusikimbilie kwenye gari wala kuzama kwenye simu huko nyuma, tubaki tusikilize bendi zingine. Mi bendi karibu zote ninazozipenda saa hizi nimezijua hivyohivyo, nimesimama pembeni ya meza ya fundi sauti nasikiliza watu ambao hata jina lao nilikuwa sijawahi kulisikia. Safari iliyopita kuna dada mpiga besi waya wake ulikufa katikati ya wimbo, mpiga dramu akaendelea peke yake, akashusha taratibu mpaka ikabaki toazi moja tu ya dramu inalia, dada akabadilisha waya na kuingia palepale kwenye pigo, ukumbi mzima ukalipuka. Kwenye rekodi hicho kitu hukipati kabisa.

Halafu tuwahi saundi cheki jamani, ule upimaji wa sauti kabla ya shoo. Mara nyingi bendi kubwa ndo inapima kwanza na anayefungua shoo anapima mwisho ili vyombo vyake vibaki vimepangwa, kwahiyo ukiwahi unawasikia wote bila presha na unaweza kumuuliza mtu anatumia pedali gani ya gitaa.

Na mkiipenda bendi nunueni tisheti au sidii yao palepale mezani, hela ile ndo inawawekea mafuta ya kufika shoo inayofuata. Jina la bendi litupieni humu grupuni usiku huohuo, kesho yake mtakuwa mshalisahau.