Hamisi, nisaidie kumjibu Baba Mkubwa

Moshi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Habari za siku? Sisi wazima, mvua tu imetuachia tope hadi mlangoni. Najua nimekuwa kimya tangu msiba wa mama yake Rogati. Lawama zote nazipokea, ila leo nina shida, na ninayemjua anayeshinda kwenye visima vya gesi ni wewe peke yako.

Ni Elisante. Amepata ufadhili wa kwenda Norway kusomea kuingiza kaboni dayoksaidi ardhini. Jana ukoo ulikaa Kibosho kuchanga tiketi, na mimi mwalimu wa kemia nikaambiwa nieleze. Nikawaonyesha povu la mbege kwenye kata: hewa inayolitumua hilo ndiyo hiyo hiyo. Kisima cha gesi kikizeeka, nikasema, msukumo hupungua na sehemu ya gesi hukwama mwambani. Ukiingiza kaboni upande mmoja, inaisukuma ile gesi kwenye kisima cha upande wa pili, yenyewe ikabaki chini. Waholanzi walianza mwaka 2004 baharini kwao, mahali paitwapo K12-B, karibu kilomita nne kwenda chini. Hao Wanorway wanazika pale Sleipner tangu 1996, ingawa wao gesi ya nyongeza hawaitafuti pale. Kodi ya kaboni ndiyo iliyowasukuma.

Nilikuwa nakwenda vizuri kabisa. Baba Mkubwa akaweka kata chini.

"Na ikitoka?"

Nikasema juu yake kuna mwamba mgumu, unaziba. Akajibu, hata pipa la mbege lina kifuniko. Walicheka, Hamisi! Shirima alicheka mpaka akapaliwa, na hajachanga hata shilingi. Kisha mzee akaleta Ziwa Nyos la Kameruni, 1986, hewa hiyo ilipotoka majini usiku ikaua watu wapatao 1,700. Alisikia redioni enzi zile, hajasahau. Kwamba kule gesi ilikuwa imeyeyuka kwenye maji ya ziwa, haina mwamba juu yake, nilikumbuka nikiwa kwenye daladala narudi mjini.

Kinachoniuma ni kingine. In Salah, kule Algeria, niliijua nikainyamazia. Walianza kuzika 2004, ardhi ya juu ikawa inainuka milimita chache kwa mwaka, setilaiti zikaona, na 2011 wakasimamisha kwa kuhofia mwamba wa kuziba. Ningeitaja, tiketi ingekufa palepale. Sasa najiona kama dalali. Mzee aliuliza swali la haki.

Kikao kingine Jumamosi, na nimeshaahidi jibu. Mama Elisante hanisemeshi, anadhani nimeharibu makusudi.

Kwa hiyo niambie: ni kweli kinachotisha zaidi ni visima vya zamani, saruji yake ikichoka, kuliko mwamba wenyewe? Mnakipimaje kisima kilichozibwa miaka thelathini iliyopita? Na kaboni ikijichanganya na gesi mnayovuna, si mtalipia tena kuitenganisha? Huko Mtwara kuna anayewaza mambo haya, au kijana atasoma arudi kufundisha na mimi? Ungekuwa mwanao, ungemruhusu?

Nipigie kabla ya Ijumaa, usiku, mtandao ukiwa umetulia. Korosho ulizoahidi bado nazingoja.

Wako,
Aloyce